Kikundi Kilichobaki Tupu: Uchambuzi wa Kisa cha Skripti ya Kupanga Watumiaji wa Mtandao Chuoni

Usuli

Kisa hiki kinahusu chuo cha mafunzo ya afya chenye kampasi kuu mkoani Mbeya na tawi mkoani Iringa. Jina la chuo na majina ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya vyeo vimebadilishwa ili asitambulike mtu yeyote. Uongozi uliniomba kuzipitia kumbukumbu za tukio pamoja na maofisa wake wa TEHAMA na kusaidia kuandaa utaratibu mpya, kisha ukaridhia kisa kiandikwe kwa ajili ya wengine wanaotunza mitandao ya taasisi zenye ukubwa kama huo.

Chuo kinatumia domeni moja ya Windows, yaani mfumo mmoja unaotunza akaunti za watumiaji wote na haki zao. Seva moja ya domeni iko Mbeya na nyingine Iringa, na kila kampasi ina seva yake ya mafaili. Baina ya kampasi hizo kuna zaidi ya kilometa 300 za barabara kuu inayopita Makambako na Mafinga, na mawasiliano ya seva hupita kwenye laini ya kukodi ambayo kwa kazi za kawaida inatosha. Haki ya kufungua folda haitolewi kwa mtu mmoja mmoja bali hupewa kikundi, kisha watu huingizwa katika kikundi hicho. Kulikuwa na kikundi cha wahasibu, cha maktaba, cha wanafunzi wa kila ngazi kuanzia NTA ya 4 hadi ya 6, na viwili vilivyobeba uzito wa kisa hiki: Alama-Kusoma, kwa wanaoruhusiwa kuona alama za mitihani, na Alama-Kuandika, kwa wanaoruhusiwa kuziingiza na kuzirekebisha. Hicho cha pili kilikuwa na watu thelathini na kitu kwa kampasi zote mbili.

Mpangilio huu ni mzuri na ndio unaopendekezwa tangu Active Directory, saraka ya Windows inayotunza akaunti na vikundi, ilipoingia na Windows 2000. Udhaifu ulikuwa katika namna vikundi vilivyotunzwa. Ofisa aliyekuwepo zamani aliacha faili la amri lenye mistari mingi ya `net group` yenye `/add` mwishoni, na kila alipoajiriwa mtu mpya uliongezwa mstari mwingine. Hapakuwa na faili la kuondoa. Mtumishi aliyehama idara aliingizwa katika kikundi kipya bila kutolewa katika kile cha zamani, na maombi yenyewe yalikuja kwa simu, kwa ujumbe wa WhatsApp, au kwa mtu kupita mlangoni na kusema kwamba fulani sasa yuko kwao. Kwa mwendo huo vikundi vilinenepa kila mwaka, na hapakuwa na ofisi iliyoweza kusema kwa uhakika ni nani walio ndani ya kikundi gani na kwa idhini ya nani.

Jambo liliibuka pale mtumishi aliyekuwa ofisi ya mitihani na kuhamishiwa maktaba alipobofya kwa bahati mbaya njia ya mkato iliyobaki kwenye kompyuta yake, na folda ya alama ikafunguka. Alikwenda mwenyewe kumweleza Naibu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Uaminifu wake unastahili kutajwa, kwa kuwa ndio uliofumbua tatizo kabla halijafumbuliwa na mtu mwenye nia nyingine.

Agizo na skripti ya kwanza

Naibu Mkuu aliagiza vikundi vyote visafishwe kabla ya alama za muhula kuanza kuingizwa. Alikuwa na haki ya kuharakisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na asiyehusika, na alama za mwanafunzi pamoja na namba yake ya usajili ni taarifa zake binafsi bila ubishi.

Ofisa TEHAMA aliomba orodha kutoka kila idara, akazipata zikiwa majedwali ya Excel, akazihifadhi katika muundo wa CSV, yaani maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa mkato. Kila orodha ilikuwa na jina la kwanza, jina la ukoo na cheo. Kwa kuwa akaunti za chuo huundwa kwa jina la kwanza, nukta, na jina la ukoo, aliona ni rahisi skripti, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mfululizo, itengeneze jina la akaunti kutokana na safu hizo mbili. Kiini cha skripti yake, iliyoandikwa kwa PowerShell, lugha ya amri ya Windows, kilikuwa hiki:

```
Get-ADGroupMember $kikundi | ForEach-Object {
  Remove-ADGroupMember $kikundi -Members $_ -Confirm:$false
}
Add-ADGroupMember $kikundi -Members $orodha
Write-Host "Kazi imekamilika"
```

Maana yake ni kwamba kikundi kinaondolewa wote waliomo, kisha kinajazwa upya kwa orodha iliyoletwa na idara. Alipoulizwa baadaye sababu ya kuchagua njia hiyo, alijibu kwamba vikundi vilikuwa vimechafuka kiasi cha kutoaminika, na kuanza upya kulionekana kuwa njia pekee ya kuhakikisha habaki mtu asiyestahili. Hoja hiyo ina mantiki yake, na nimeisikia kwa wataalamu wengi. Aliijaribu kwa kikundi cha maktaba, chenye watu wachache, na kila kitu kikaenda sawa. Siku iliyofuata aliiendesha kwa vikundi vyote vya watumishi, saa saba na robo mchana, akitumia muda wa chakula kwa kuwa ofisi zilikuwa na watu wachache. Mwisho wa kila kikundi skrini iliandika “Kazi imekamilika”.

Mchana wa siku hiyo

Saa nane simu zilianza kuingia kutoka ofisi ya mitihani ya Mbeya. Malalamiko yalikuwa na sura iliyowachanganya wote. Mtumishi mmoja alisema, “Kaka, mimi nafungua vizuri tu, mwenzangu anakataliwa, na tumekaa meza moja.” Ofisa alikwenda kuangalia, akakuta ni kweli. Alidhani kompyuta ya yule wa pili ina hitilafu, akaanza kuikagua nyaya na mipangilio ya mtandao, na hapo ukapotea muda wa thamani.

Swali lililofungua fumbo aliuliza msaidizi wake: “Dada, ulizima kompyuta ulipokwenda kula?” Aliyekataliwa alikuwa amezima, mwenzake aliacha yake ikiwa wazi. Windows humkusanyia mtumiaji orodha ya vikundi vyake pale anapoingia, ikaiweka katika tokeni atakayotembea nayo mpaka atoke. Badiliko la kikundi linalofanywa baada ya hapo halimgusi mpaka atoke na kuingia upya. Kwa hiyo aliyekuwa bado anafungua folda alikuwa akifungua kwa tokeni ya asubuhi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa bado ndani ya kikundi. Amri ya `whoami /groups` katika kompyuta ya kwanza ilionyesha Alama-Kuandika, ilhali kikundi chenyewe, kilipokaguliwa kwenye seva, kilikuwa tupu.

Kumbe wakati wa kujaza upya, `Add-ADGroupMember` ilipewa majina yote kwa mkupuo mmoja. Amri hiyo hutafuta kila jina kabla ya kuandika, na ikikosa hata moja haiongezi hata mmoja. Jina lililokosekana lilikuwa la mtumishi ambaye jina lake la kwanza lina herufi tisa na la ukoo herufi kumi na mbili. Ukijumlisha nukta unapata 22. Jina la akaunti la mtindo wa zamani, lile ambalo kitaalamu huitwa `sAMAccountName`, mwisho wake kwa mtumiaji ni herufi 20, hivyo akaunti yake ilikuwa imekatwa herufi mbili za mwisho siku ilipoundwa. Anayefanya kazi Mbeya anajua kwamba majina ya ukoo ya Rungwe na Kyela yanayoanza kwa Mwa- mara nyingi ni marefu, kwa hiyo jambo hili lilikuwa linasubiri tu kutokea. Kikundi cha maktaba kilipita salama kwenye jaribio kwa sababu hakikuwa na mwenye jina refu.

Kosa hilo skrini ililiandika kwa maandishi mekundu, lakini PowerShell kwa mipangilio yake ya kawaida hutoa taarifa ya kosa la namna hiyo na kuendelea na mstari unaofuata. Mstari uliofuata ulikuwa ule wa kutangaza kwamba kazi imekamilika, na maandishi mekundu yakasukumwa juu na vikundi vilivyofuata.

Tawi la Iringa katika muda wote huo halikuwa na shida yoyote, na hilo lilizidisha mkanganyiko, kwa sababu kikundi ni kimoja. Sababu yake ni ulandanishi wa seva. Seva za domeni zilizo katika eneo moja hupashana mabadiliko ndani ya sekunde chache, ila zilizo katika maeneo tofauti hufuata ratiba, na ratiba ya kawaida isipobadilishwa ni kila dakika 180. Seva ya Iringa ilichukua mabadiliko yake saa tisa alasiri, yaani ilipokea kikundi kikiwa tupu.

Saa tisa na nusu Naibu Mkuu alipiga simu. Wakufunzi walikuwa wamekaa na karatasi za alama mezani, na siku ya mwisho ya kuziingiza ilikuwa karibu. Ofisa alimweleza kwamba anahitaji muda kubaini majina yote. Jibu lilikuwa: “Mwanangu, wafungulie wote kwanza, alama ziingie. Mengine tutayapanga kesho.” Ofisa aliitikia, “Sawa Mama,” akakiingiza kikundi cha Watumishi-Wote ndani ya Alama-Kuandika. Watu wa Mbeya walipotoka na kuingia upya, kazi ikaendelea.

Dakika chache baadaye ikaja simu ya Iringa: “Kamwene kaka, sisi huku tulikuwa tunafanya kazi vizuri, sasa tumefungiwa.” Tawi lilikuwa limepokea utupu wa saa saba, na marekebisho ya saa tisa na nusu yangelifikia saa kumi na mbili jioni. Ofisa alilazimisha ulandanishi kwa `repadmin /syncall`, na tawi likarudi kazini kabla ya saa kumi na moja.

Kurudisha majina

Kesho yake kulikuwa na kazi mbili: kuwatoa Watumishi-Wote haraka iwezekanavyo, na kurudisha wanaostahili. Nakala ya orodha ya waliokuwemo kabla ya skripti haikuwepo. Msaidizi alipendekeza Kapu la Active Directory, lile lililokuja na Windows Server 2008 R2. Kapu hilo hurejesha kitu kilichofutwa, kama akaunti au kikundi kizima. Hapa hakuna kilichofutwa. Kikundi kilikuwepo, kilichobadilika ni wanachama wake, na Kapu halina msaada kwa hilo.

Kilichowaokoa ni kumbukumbu za usalama za seva. Kila mwanachama anapoondolewa katika kikundi cha usalama cha aina ya kidunia (global), seva ya domeni huandika tukio namba 4729, likitaja aliyeondolewa, kikundi, saa, na akaunti iliyofanya kazi hiyo. Anapoongezwa huandikwa tukio namba 4728. Matukio hayo huandikwa kwenye seva ambako badiliko lilifanyika tu, wala hayasafiri na ulandanishi, kwa hiyo ilibidi yasomwe Mbeya. Aliyeyatafuta Iringa alikuta patupu. Kwa `Get-WinEvent` walichambua matukio yote ya 4729 ya saa saba hadi saa saba na nusu, wakapata orodha kamili ya waliokuwemo, wakaiwasilisha kwa ofisi ya mitihani ihakikiwe, kisha wakawarudisha mmoja mmoja. Kazi hii ilifanywa kwa utulivu na kwa umakini mkubwa, na kumbukumbu zilikuwa bado hazijaandikwa juu na matukio mapya, jambo ambalo kwa seva yenye shughuli nyingi lisingesubiri sana.

Katika kurudisha huko pakajitokeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote ya kisa hiki. Miongoni mwa walioondolewa saa saba hakukuwa na jina la yule mtumishi aliyehamia maktaba. Palikuwa na jina la kikundi kingine, Kamati-Mitihani, na yeye alikuwa ndani ya hicho. Walipokirudisha kikundi hicho mahali pake, naye akarudi pamoja nacho. Ripoti za faili la zamani la amri zisingeweza kumwonyesha kamwe, kwa sababu `net group` huorodhesha watumiaji na kuvipita kimya vikundi vilivyomo ndani ya kikundi. `Get-ADGroupMember` ya kawaida huvitaja vikundi hivyo kwa majina, na ukiongeza `-Recursive` inakupeleka mpaka kwa watu walio ndani yake. Ilipoendeshwa hivyo, majina matatu yasiyostahili yalionekana.

Utaratibu mpya

Mjadala wa skripti ya pili ulianza na swali la orodha kabla ya kuandikwa amri yoyote. Ofisa TEHAMA alitaka ofisi yake ndiyo itunze orodha za vikundi vyote, kwa hoja kwamba idara hazijui kompyuta. Nilipinga, na mwishowe uongozi ulikubali kwamba idara zinawajua watu wao, na hilo ndilo linalohitajika. Nani aingize alama ni uamuzi wa ofisi ya mitihani. Ofisi ya TEHAMA hutekeleza uamuzi huo na kutoa taarifa ya utekelezaji. Kila orodha sasa ina mwenyewe, imewekwa katika folda ambayo ni yeye na msaidizi wake tu wanaoweza kuandika, na picha ya karatasi iliyotumwa kwa simu haipokelewi tena kuwa ombi.

Pili, mtu hatambuliwi tena kwa jina. Namba ya utumishi imeingizwa katika sifa ya `employeeID` ya kila akaunti, na ya usajili kwa kila mwanafunzi, na skripti hutafuta akaunti kwa namba hiyo. Kazi ya kuziingiza namba ilichosha, kwa sababu baadhi ya akaunti zilikuwa za watu walioondoka zamani na nyingine zilitumiwa na watu wawili. Hata hivyo ndiyo iliyomaliza tatizo la majina marefu, ya majina yanayofanana, na ya wanaobadili jina la ukoo wanapoolewa.

Tatu, skripti haimwagi kikundi. Inasoma waliopo, inasoma wanaotakiwa, inalinganisha, na inagusa tofauti peke yake:

```
$tofauti = Compare-Object $waliopo $wanaotakiwa
$waondolewe = $tofauti | Where-Object SideIndicator -eq '<='
$waongezwe  = $tofauti | Where-Object SideIndicator -eq '=>'
```

Mtu aliyestahili jana na anayestahili leo haguswi kabisa, hivyo hakuna dakika ambayo kikundi kiko tupu. Mzigo wa laini ya Iringa nao unapungua kidogo, kwa kuwa tangu Windows Server 2003 seva hupashana mwanachama aliyebadilika tu bila kutuma upya orodha nzima. Ingawa kwa kikundi cha watu thelathini nafuu hiyo ni ndogo, kwa vikundi vya wanafunzi wanapopanda ngazi mwanzoni mwa mwaka inaonekana.

Skripti imewekewa breki kabla ya kugusa chochote. Namba yoyote ya kwenye orodha isiyopatikana katika domeni inaisimamisha. Orodha tupu inaisimamisha pia, na hili ni la lazima, kwa sababu faili lililohifadhiwa vibaya likisomwa kama orodha isiyo na mtu, mlinganisho utaamua kwamba wote waondolewe. Wanaoondolewa wakizidi sehemu moja ya kumi ya kikundi, inasimama na kusubiri mwenye orodha athibitishe kwa maandishi. Ikipita hapo, huhifadhi nakala ya wanachama wa sasa katika faili lenye tarehe, huonyesha kwa `-WhatIf` kitakachofanyika, na ofisa wa pili akishasoma ndipo huendeshwa kweli. Kila mtu huongezwa au kuondolewa peke yake, kosa likitokea kwa mmoja linaandikwa na wengine wanaendelea, na mwishoni kikundi husomwa upya kutoka seva na kulinganishwa na orodha. Maneno “Kazi imekamilika” yameondolewa. Badala yake skripti hutaja idadi ya waliotakiwa, waliopo, na wanaotofautiana.

Akaunti inayoendesha skripti ilipunguziwa madaraka. Hapo mwanzo ilikuwa akaunti ya msimamizi mkuu wa domeni. Sasa ina haki ya kubadili wanachama katika vikundi vilivyo chini ya sehemu moja ya saraka ya Active Directory na basi, na vikundi vya wasimamizi havimo humo.

Matokeo

Alama za muhula ziliwasilishwa zikiwa zimechelewa siku moja, na hilo lilivumilika. Jambo zito zaidi ni usiku ule ambao folda ya alama ilikuwa wazi kwa watumishi wote, wakiwemo madereva na watu wa stoo. Ukaguzi wa ufunguaji wa mafaili ulikuwa haujawashwa kwenye seva za mafaili, kwa hiyo chuo hakikuweza kuthibitisha kama kuna aliyeingia. Ofisi ya mitihani ililazimika kulinganisha alama zilizoingizwa na karatasi za wakufunzi, somo kwa somo, na haikukuta tofauti. Kusoma tu, bila kubadili, hakuachi dalili yoyote katika ulinganisho wa aina hiyo, na uongozi uliandikiwa hivyo katika ripoti.

Skripti mpya ilisimama mara ya kwanza ilipotumika Iringa. Kompyuta ya tawi ilikuwa na mipangilio ya kieneo inayofanya Excel itenganishe safu za CSV kwa nukta mkato badala ya mkato, hivyo safu ya namba haikuonekana na orodha ikasomwa kuwa haina mtu. Hakuna kilichoguswa, ofisa alipata ujumbe unaotaja faili na sababu, na tatizo likarekebishwa kwa kigezo cha `-Delimiter`. Kwa skripti ya kwanza faili hilohilo lingekiacha kikundi cha tawi bila mtu.

Uchambuzi

Watu wengi wakisikia kisa hiki husema kosa lilikuwa kuendesha skripti mchana wa kazi. Sikubaliani. Ingeendeshwa usiku, kikundi kingekuwa tupu vilevile, na asubuhi wote wangekataliwa kwa pamoja. Mchana ulileta mkanganyiko wa tokeni na wa ulandanishi, jambo linalochelewesha uchunguzi, lakini chanzo ni muundo wa kumwaga na kujaza. Muundo huo unafanya usalama wa hatua ya kwanza utegemee mafanikio ya hatua ya pili, na kati ya hatua hizo hapana kizuizi wala nakala ya kurudia.

Jaribio la maktaba lilifanyika kwa nia njema ila lilipima kitu kisichofanana na kinachokuja. Kikundi kidogo chenye majina mafupi hakikuwa na sifa hata moja ya zile zilizoleta madhara: jina refu, kikundi ndani ya kikundi, watu wa kampasi mbili. Jaribio lenye manufaa lingefanywa kwa nakala ya kikundi kigumu kuliko vyote, kikundi cha muda kisichokuwa na haki yoyote lakini chenye wanachama walewale. Kukiunda ni kazi ya dakika chache, na jina refu lingejitokeza hapohapo.

Uamuzi wa kuwafungulia wote unahitaji kutazamwa kwa haki. Naibu Mkuu alikuwa na wakufunzi wanaosubiri na hakuambiwa kwamba kuna njia ya tatu. Ofisa naye alipewa amri na mtu anayemheshimu kama mama, katika dakika ambayo yeye ndiye aliyeonekana kuwa chanzo cha msukosuko. Njia ya tatu ilikuwepo: watu waliokuwa mezani wakisubiri walijulikana kwa majina, na kuwaingiza wao kwa mkono kungechukua muda mfupi kuliko ule uliotumika kukagua nyaya. Ofisa mwenye heshima kwa mkuu wake anaweza kusema, “Mama, nitajie wanaohitaji sasa hivi, nawaingiza wakati tunaongea.” Utaratibu mpya umeliandika hilo: wakati wa dharura mtu huingizwa kwa jina, kwa muda maalumu, na kikundi kikubwa hakiingizwi ndani ya kikundi cha alama kwa amri ya mtu yeyote.

Kilichofanya kazi vizuri ni kumbukumbu za seva, na hapo chuo kilisaidiwa na mipangilio ya kawaida ya Windows kuliko na maandalizi yake. Seva za domeni huandika mabadiliko ya vikundi hata usipoziambia, lakini ukubwa wa kumbukumbu hizo una kikomo na za zamani hufutwa kupisha mpya. Sasa matukio ya 4728 na 4729, pamoja na yale ya vikundi vya aina nyingine, yaani 4732, 4733, 4756 na 4757, hunakiliwa kila usiku kwenye seva nyingine. Muda wa ulandanishi baina ya Mbeya na Iringa umepunguzwa hadi dakika 15, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa na ratiba, na laini imeumudu bila malalamiko.

Bado kuna sehemu isiyokaa sawa. Orodha ya wanafunzi wanaorudia mitihani huchelewa kutoka kwa msajili, na kwa siku kadhaa mwanzoni mwa mwaka baadhi yao huwa katika kikundi cha ngazi ambayo hawajaifikia. Kwa folda za masomo athari yake ni ndogo. Msajili na ofisi ya mitihani wamekubaliana kwamba mpaka matokeo ya marudio yathibitishwe, mwanafunzi atabaki katika kikundi cha ngazi yake ya zamani, na skripti imebadilishwa ili isimpandishe yeyote ambaye safu ya matokeo mbele ya namba yake iko tupu.